Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vita vya Miaka Kumi na Mitatu kwa Siku Moja, Tibirinzi

Mwaka 1812, Baron von Reisswitz wa Prussia alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III zawadi isiyo ya kawaida: meza yenye vilima, mito na vijiji vilivyofinyangwa kwa plasta, pamoja na vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi vya askari. Ulaya ilikuwa bado imo katika vita vya Napoleon, na ufalme huo wa Prussia ulikwishaonja kipigo cha Wafaransa mwaka 1806. Miaka 12 baadaye, mwaka 1824, mtoto wa Baron huyo, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alichapisha kanuni kamili za mchezo ule, na jeshi la Prussia likaanza kuutumia kuwafunzia maofisa wake. Wajukuu wa mchezo huo wapo mpaka leo. Huko Ulaya na Marekani, wapenzi wa historia hukusanyika makumi kwa makumi ukumbini, kila mmoja na jeshi lake la sanamu ndogo zisizozidi kidole gumba, wakapigana vita vizima vya Napoleon tangu asubuhi hadi jioni ya siku moja.

Miaka hiyo miwili, 1812 na 1824, ina uzito wake katika pwani yetu pia. Ni mnamo 1812 au 1813, maana wanahistoria hawakubaliani juu ya mwaka wenyewe, ambapo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Mombasa na Pate katika fukwe za Shela. Na ni Februari 1824 ambapo Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alitia saini mkataba na Mazrui wa Mombasa, na bendera ya Kiingereza ikapepea juu ya Ngome ya Yesu. Katikati ya matukio hayo mawili, kisiwa cha Pemba kilitoka mikononi mwa Mazrui kikaingia mikononi mwa Albusaidi. Vitabu vyetu vya skuli huyataja mageuzi hayo kwa sentensi moja: Pemba ilitekwa. Ni sentensi fupi mno kwa jambo kubwa kiasi hicho, na ndiyo iliyonifanya niukope mchezo wa Prussia na kuuleta Tibirinzi.

Naomba msomaji anivumilie nieleze namna mchezo ulivyoundwa, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Tulikuwa watu 28, wengi wao wanafunzi, na wachache watumishi wa serikali walioitoa Jumamosi yao. Tulipanga meza saba, watu wanne kila meza: Maskati, Mombasa, Lamu, Pate, Unguja, Pemba, na meza ya Waingereza wa Bombay. Sanamu za risasi za askari wa Napoleon hatukuwa nazo wala hatukuzihitaji. Tulitumia komwe za bao. Mchezaji wa bao anajua tangu utotoni kwamba kete ni nguvu, kwamba nyumba hulindwa, na kwamba anayesambaza kete bila hesabu hujikuta mikono mitupu. Kila komwe ilihesabiwa kuwa askari mia moja, na kila komwe ilikula. Kadi za mchele ziliwekwa mezani, na kikosi kisicho na kadi yake kilivunjika msimu uleule.

Tulicheza miaka 13, kuanzia 1812 hadi 1824. Kila mwaka uligawanywa duru mbili, Kaskazi na Kusi, na kila duru ilipewa dakika 15. Ni duru 26, yaani saa sita na nusu za mchezo. Tulianza saa mbili asubuhi. Tukasimama saa sita na nusu kwa swala na chakula, mwaka 1820 ukiwa umekwisha. Tukarudi saa saba na nusu na kumaliza saa tisa na nusu. Anayedhani kwamba vita vikubwa haviwezi kuingia katika siku moja, basi hesabu ni hiyo. Siri yake ni kutopigana kila pambano. Mapambano mengi huamuliwa kwa kurusha dadu mara moja. Muda unaobaki ni wa watu kuandikiana barua, kudanganyana, kupatana na kungoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kiini cha kanuni zetu. Hakuna meza iliyoruhusiwa kusema na meza nyingine kwa mdomo. Kila neno liliandikwa, likakabidhiwa mwamuzi, naye akalifikisha kwa kadiri ya upepo. Barua ya kwenda Maskati ilisafiri kwa Kusi tu. Barua ya kutoka Maskati ilikuja kwa Kaskazi tu. Aliyeandika wakati wa Kusi mwaka 1812 alipata jibu Kaskazi ya 1813, si kabla. Katika miaka yote 13, swali na jibu lake havikuweza kukamilika zaidi ya mara 12. Kijana aliyezoea ujumbe wa simu unaofika kabla hajaondoa kidole alilazimika kukaa na ujinga wake mwaka mzima, huku akitoa amri. Kwa maoni yangu, hilo pekee lilitosha kuilipia siku hiyo.

Sasa nije kwenye yaliyotokea.

Meza ya Mombasa ilijua habari za Shela. Walikwishasoma kwamba majeshi yaliposhindwa yalikimbilia majahazi yakayakuta yamekaa juu ya mchanga kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, na kwamba wengi waliuawa pale pale ufukweni. Kwa hiyo walikataa kupigana. Badala ya jeshi walipeleka Lamu zawadi na ahadi, wakajiona wameikwepa historia. Meza ya Lamu ilizipokea zawadi, ikashukuru kwa adabu zote, kisha Kusi ileile ikaandika kwenda Maskati kuomba ulinzi. Nilipowauliza baadaye kwa nini, jibu lao lilikuwa jepesi: Mombasa iko karibu, Maskati iko mbali, bwana wa mbali hachungulii sufuria yako kila siku.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika historia yenyewe. Baada ya Shela, Lamu ilimwomba Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman tangu 1806, naye akapeleka liwali na askari. Ngome ya Lamu inayoonekana leo ilikamilika mnamo 1821 chini ya mkono wake. Katika mchezo wetu vita vya Shela havikupiganwa, na bado Lamu ilifika palepale kwa njia nyingine. Sisemi kwamba historia ni msumeno usiogeuka. Ninachosema ni kwamba pambano moja, hata likiwa maarufu namna gani, huenda lisiwe sababu. Sababu ilikuwa hesabu ya mnyonge anayemkimbia jirani mzito kwa kumwita mgeni wa mbali.

Hesabu hiyohiyo ilikuja kwenye meza ya Pemba.

Pemba wakati huo ilikuwa ghala la Mombasa. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, na mchele wake ulivuka mkondo kwenda kulisha mji ambao mashamba yake ya bara hayakuutosheleza. Katika kanuni zetu meza ya Pemba haikuwa na majahazi ya vita hata moja, na komwe zake zilikuwa chache. Ilikuwa na kadi za mchele, nyingi kuliko meza nyingine yoyote, na haki ya kuandika barua. Niliipa kiti kwa makusudi. Tumelelewa na methali ya fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi, nasi Wapemba tunaojua mchezo wa ng'ombe tunaielewa vizuri. Lakini methali hiyo huwafanya watu kuwa nyasi, na nyasi hazina kauli. Nilitaka kuona nyasi zikiwa na kalamu zitaandika nini.

Hawakukubaliana. Wawili walitaka kubaki na Mazrui, wakisema Mombasa ni ndugu na mnunuzi wa karibu, na kwamba dhulma ya mtu unayemjua ina mipaka unayoijua. Wawili walitaka kuita Maskati. Walibishana hata wakati wa chakula, na mmoja wa upande wa pili akamuuliza mwenzake swali lililonyamazisha meza: "Kwa nini tunaomba mtu aje kumtoa mtu? Hakuna njia ya kuwa na mchele wetu wenyewe?" Hakukuwa na komwe za kutosha kwa njia hiyo, na wote walijua.

Kusi ya 1821 waliandika. Waliomba Maskati iwatoe Mazrui, na wakaweka masharti matatu: askari wasikae kisiwani zaidi ya mwaka mmoja, mchele uuzwe kwa yeyote atakayelipa vizuri, na mashauri ya wenyeji yaendelee kuamuliwa na madiwani wao. Kaskazi ya 1822 jibu lilikuja. Ombi limekubaliwa, liwali yuko njiani, chakula cha askari kitatolewa na Pemba. Kuhusu masharti, hapakuwa na neno hata moja. Walitaka kuandika tena, lakini barua ya kwenda Maskati ilipaswa kungoja Kusi, na majahazi ya askari yalikwishafika kwa upepo uleule ulioileta barua.

Hapo ndipo nilipoona wanafunzi wamelielewa jambo ambalo mihadhara yangu ya miaka kadhaa haikulifikisha. Jibu na jeshi vilipanda chombo kimoja. Nafasi ya kujadili masharti ilikuwapo kabla ya kuomba, na baada ya kuomba ilikwisha. Hakuna kitabu kinachoweza kumfanya msomaji alihisi hilo kama linavyohisiwa na mtu aliyeshika karatasi mkononi akitazama komwe za mwingine zikishushwa kwenye kisiwa chake.

Nisieleweke vibaya. Mchezo hauthibitishi kilichotokea. Unaonesha tu vizuizi ambavyo watu wa kweli walikuwa navyo. Katika historia, baadhi ya wakuu wa Pemba walipeleka ujumbe Maskati kuomba kuondolewa kwa Mazrui, na mnamo 1822 na 1823 majeshi ya Seyyid Said yakakitwaa kisiwa. Mombasa ilijaribu kukirudisha, ikashindwa. Kwa hiyo ile sentensi ya vitabuni, kwamba Pemba ilitekwa, imeacha nusu ya habari. Walikuwapo Wapemba walioita, na bila shaka walikuwapo waliokataa. Wote wawili walikuwa na sababu.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Mombasa yenyewe. Inasimuliwa kwamba Abdallah bin Ahmad al-Mazrui, alipotakiwa kodi na Seyyid Said, alimpelekea deraa, baruti na risasi. Ni majibu ya kishujaa ambayo mashabiki wa Mombasa huyapenda hadi leo. Lakini shujaa aliyepoteza ghala lake ana siku chache. Pemba ilipoondoka, mezani kwetu vikosi vya Mombasa vilivunjika kimoja baada ya kingine kwa kukosa kadi za mchele, bila mtu kurusha dadu. Meza hiyo ikafanya kile kile ilichowalaumu Lamu na Pemba kwa kukifanya: ikamwita mgeni wa mbali zaidi. Kapteni wa meza ya Bombay alipotia nanga, walimpandishia bendera yake kabla hajaiomba.

Katika historia mambo yalikuwa karibu na hivyo. Mombasa iliomba bendera ya Kiingereza meli ya Barracouta ilipofika Desemba 1823, na Owen alipowasili na meli ya Leven Februari 1824 alikubali bila kuwa na amri ya serikali yake. Mkataba wake uliahidi kuwarudishia Mazrui milki zao za zamani, kugawana nusu kwa nusu mapato ya forodha, na kukomesha biashara ya watumwa Mombasa. Ahadi ya milki za zamani maana yake ilikuwa Pemba. Ndani ya ukumbi wetu nilihesabu barua zilizoandikwa katika duru ile ya mwisho kati ya Mombasa, Bombay na Maskati kuhusu hatima ya Pemba. Hakuna hata moja iliyoelekezwa kwenye meza ya Pemba.

Ahadi ya Owen haikutimia. Luteni Reitz, aliyeachwa kuwa mwakilishi, alifariki kwa homa mwaka uleule wa 1824. Mwaka 1826 Waingereza walishusha bendera na kuondoka. Hapa ndipo Napoleon anapoingia katika habari zetu kwa mlango wa uani. Alipoivamia Misri mwaka 1798, Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikimbilia kufunga mkataba na Sultan bin Ahmad wa Maskati, baba yake Seyyid Said, ili Wafaransa wasipate mahali pa kuegemea katika njia ya India. Januari 1799 Napoleon akiwa Cairo alimwandikia barua mtawala huyo wa Maskati, Waingereza wakainasa. Urafiki uliozaliwa kwa hofu ya Wafaransa uliendelea baada ya Napoleon kushindwa, na ulikuwa na thamani kwa Bombay na London kuliko ngome moja ya Mombasa. Kwa hiyo Mazrui walitupwa kwa sababu ya mahesabu yaliyopigwa robo karne nyuma, juu ya vita ambavyo hawakushiriki. Mwaka 1837 Seyyid Said aliichukua Mombasa, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Na yule bwana wa mbali ambaye Lamu na Pemba walimpendea umbali wake? Kufikia 1840 alikwishahamishia makao yake Unguja. Umbali ulikwisha. Karafuu zikafuata, na pamoja nazo mashamba yaliyolimwa kwa jasho la watumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa kisiwa cha karafuu kuliko kisiwa cha mchele. Leo kisiwa kilichoilisha Mombasa kinangoja mchele wake ushushwe bandarini.

Lipo kundi ambalo sikulipa meza: wale waliouzwa. Nilikataza komwe kuhesabiwa kuwa mtumwa, kwa kuwa sikutaka kijana yeyote wa Pemba ashangilie kupata pointi kwa kuuza binadamu. Badala yake, kila meza iliyochagua mapato ya biashara hiyo iliandikwa jina katika daftari, na mwisho wa siku daftari lilisomwa kwa sauti. Ni meza moja tu ambayo jina lake halikuwamo, nayo ni Pate, iliyokuwa imefilisika mapema. Ukumbi ulikuwa kimya kuliko wakati wowote mwingine wa siku ile.

Nimeulizwa na baadhi ya wenzangu kwa nini nisichague vita vya karibu, ambavyo kila mtu anavijua. Jibu langu ni kwamba wapo wenye makovu walio hai. Damu ya Januari 2001 bado ina wenyewe, na wapo miongoni mwetu waliovuka mkondo huu huu kukimbilia Shimoni. Msiba wa mtu aliye hai si mchezo wa Jumamosi. Miaka mia mbili hutupa nafasi ya kufikiri pasipo kumuumiza mtu, kisha kila mmoja atarudi nyumbani na kulinganisha mwenyewe.

Kuna wanaouona mchezo kuwa ni utoto usiostahili chuo. Tibirinzi ina kiwanja cha kufurahishia watoto, na kwa wengi neno mchezo linaishia hapo. Lakini babu zetu waliocheza bao barazani hawakuwa watoto, na maofisa wa Prussia walioinamia meza ya Reisswitz hawakuwa watoto. Mchezo mzuri humlazimisha mtu kuamua, kisha humwekea matokeo ya uamuzi wake mbele ya macho kabla jua halijatua. Serikalini matokeo huchukua miaka kumi, na aliyeamua huwa amekwishahamishwa wizara.

Kwa hiyo naomba nizungumze na ninyi mliomo maofisini. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi huitamka kila anapokuja mfadhili, mwekezaji au mtaalamu kutoka mbali. Lamu iliitamka, Pemba iliitamka, Mombasa iliitamka. Kila mmoja alikuwa na haki ya kutaka kupona. Walichokosa ni masharti yaliyokubaliwa na pande zote mbili kabla mgeni hajapandisha tanga. Ombi likitumwa bila sharti lililojibiwa, jibu litakuja pamoja na majahazi.

Na kwenu wanafunzi na wanaharakati: chunguzeni kanuni kabla ya kuchunguza kete. Kabla hamjauliza nani ameshinda, ulizeni nani alipewa meza, nani aliruhusiwa kuandika barua, na barua zilizohusu nchi yake zilipelekwa kwa nani. Komwe zipo katika kila mtaa wa kisiwa hiki, na karatasi si ghali. Andaeni siku yenu Wete, Mkoani, Micheweni, mchague kipande chenu cha historia, na kabla ya kugawa komwe andikeni kwanza orodha ya wote waliokula, waliolima na waliolipa katika habari hiyo. Kisha hesabuni meza mlizopanga.